Kati ya Chapa Mbili

Paja la ng'ombe linaloning'inia buchani Kinama huwa na chapa moja tu, na chapa hiyo haisemi ng'ombe alikuwa wa nani. Ni muhuri wa mkaguzi wa nyama: wino uliogongwa juu ya mafuta, umechujuka kidogo pembeni, unaothibitisha kwamba mnyama alikaguliwa na nyama yake inaliwa. Kabla ya hapo, alipokuwa hai, huenda alikuwa na alama nyingine: sikio lililochanwa, kovu la chuma cha moto, hereni ya plastiki. Au hakuwa na chochote isipokuwa rangi yake na mkunjo wa pembe zake, vitu ambavyo mwenyewe angevitambua katikati ya ng'ombe mia. Alama ile ya kwanza, ya mnyama hai, ni ya mali; hii ya pili, ya wino, ni ya afya. Kati ya hizo mbili ipo safari ya saa chache, wakati mwingine ya usiku mmoja, na humo ndimo wizi wa ng'ombe unamoishi. Wafugaji, maofisa na wanasiasa wa nchi zetu wamebishana miaka mingi kuhusu alama ipi ifaayo, chuma au hereni, na kila mmoja ana hoja. Swali linaloachwa nje ya ubishi huo ndilo ninalolishika hapa: alama hiyo ataisoma nani, na wapi?

Kinama ni zoni ya tarafa ya Ntahangwa, upande wa kaskazini wa Bujumbura, mahali ambapo mji unachoka na tambarare ya Imbo inaanza. Magharibi yake, kuelekea mto Rusizi na Ziwa Tanganyika, ipo Rukoko, malisho ya miaka mingi yanayopakana na hifadhi ya Rusizi, ambako ng'ombe na viboko walizoea kugombea majani yale yale. Burundi yote ina kilomita za mraba 27,834, milima yake imelimwa hadi kileleni, na shamba la familia mara nyingi halifiki hekta moja. Ndiyo maana uwanda huu ulikuwa mojawapo ya sehemu chache ambapo maneno “malisho ya wazi” yalibaki na maana kamili: kundi lilitoka asubuhi, likachanganyika na la jirani kwenye maji, likarudi jioni nyuma ya mchungaji ambaye hakuwa mwenye mali. Mwenye mali yuko mjini. Anaweza kuwa mfanyabiashara wa Buyenzi, mtumishi wa serikali, au fundi wa Kinama aliyenunua mtamba mmoja kwa akiba ya miaka. Warundi wana neno lao kwa mpango huu, kuragiza, yaani kumkabidhi mtu mnyama akuchungie. Aliyeragiza humwona ng'ombe wake kwa nadra, na mengi anayoyajua juu yake ni ya kuambiwa. Ndama akizaliwa, anaambiwa. Ndama akifa, anaambiwa vilevile.

Zamani kuambiwa kulitosha, na si kwa sababu watu walikuwa waaminifu kuliko wa leo. Kulitosha kwa sababu palikuwa na mashahidi. Ng'ombe wa Maziwa Makuu, yule wa pembe ndefu, alikuwa na jina, na lugha za eneo hili zilijaa maneno ya kumweleza: bihogo ni mwekundu aliyekolea, gaju ni wa rangi ya udongo mkavu, na mengine ya mabaka, ya paji jeupe, ya pembe zilizotazama nyuma. Salamu ya kale ya Kirundi, amashyo, maana yake ni kumtakia mtu makundi ya ng'ombe. Mnyama alipohama mkono kwa mahari, kwa fidia au kwa ubugabire (ule mkataba ambapo mkubwa humpa mdogo ng'ombe, na mdogo hulipa kwa utumishi na kwa ndama), bashingantahe, wazee waamuzi wa mlima, walikuwapo, pombe ya ndizi ilinywewa, na waliokunywa walibeba kumbukumbu. Ulipomwuliza mzee wa mlimani ng'ombe huyu ni wa nani, hakujibu kwa neno moja. Alikutajia mama yake, aliyemleta, na deni lililobaki juu yake. Hilo lilikuwa daftari, ingawa halikuandikwa. Udhaifu wake ni kwamba lilikaa vichwani mwa watu, na watu hufa au hukimbia. Vita vilivyoanza mwaka 1993 vilivuruga vyote viwili: mifugo ikaporwa na kuchinjwa, na mashahidi wakatawanyika hadi makambi ya Tanzania na Kongo. Kinama yenyewe, katikati ya miaka ya 1990, ilikimbiwa na wakazi wake. Waliorudi walikuta majirani wapya. Majirani wapya hawajui rangi ya ng'ombe wako.

Watu wa nchi kavu zenye kundi kubwa na mwendo mrefu waliliona tatizo hili mapema na wakaiandika kumbukumbu juu ya mnyama mwenyewe. Wasomali huwachoma ngamia alama za ukoo, na Wamaasai huchana masikio na kuchoma ngozi kwa mitindo inayotaja ukoo na boma. Hapa pana jambo ambalo hupita bila kutazamwa. Alama ya ngamia wa Kisomali ina nguvu kwa sababu kila mchungaji atakayekutana naye kisimani anaisoma kama wewe unavyosoma jina la mtaa, na anajua ni ukoo gani utakaokuja kuuliza. Chuma kilikuwa nusu ya kazi, macho ya watu yalikuwa nusu ya pili. Texas ya karne ya 19, nchi ambayo filamu zimeifanya iwe mfano wa chapa ya moto duniani, ilikuwa hivyo hivyo. Kila mfugaji aliandikisha chapa yake kwa karani wa kaunti, na kaunti ziliwahi kuwa na wakaguzi wa ngozi na wanyama waliozipekua ngozi kabla hazijauzwa. Palipokuwa hapana usomaji, sheria ilikuwa ya mwenye chuma cha haraka. Mwanasheria mmoja wa huko, Samuel Maverick, hakujishughulisha kuwachoma ndama wake, na jina lake likageuka kuwa neno la Kiingereza la ng'ombe asiye na alama, ambaye yeyote aliyemkuta aliweza kumchoma na kumfanya wake. Mtu wa Imbo anamfahamu huyo Maverick bila kumsoma popote. Mama ana alama, ndama hana, na mchungaji ana miezi kadhaa ya kuamua ndama huyo alizaliwa au hakuzaliwa.

Kupiga chapa kwenyewe ni ufundi, wala si suala la kuokota chuma na kuwasha moto. Chuma kizuri hakiwi chekundu. Kikiwa chekundu huwasha manyoya na kuunguza kupita kiasi. Kinachotakiwa ni rangi ya majivu, moto uliotulia ndani ya chuma. Hukandamizwa sekunde tatu hadi tano bila kuteleza, na kikiinuliwa, ngozi iliyobaki iwe na rangi ya ngozi mpya ya viatu. Mnyama aliyelowa mvua hachomwi, maana maji huchemka chini ya chuma na mchoro huvurugika. Herufi zenye matumbo yaliyofungwa, kama A, B au R, hukusanya joto kwenye pembe zake na kuwa doa lisilosomeka, hivyo mhunzi anayejua kazi huacha mwanya pale mistari inapokutana. Ndama huchomwa kwa chuma kidogo kwa sababu alama hukua pamoja naye. Na mwizi pia ni fundi: I huongezwa mkono ikawa T, namba 1 ikawa 4, na kovu jipya juu ya kovu la zamani humpa mkaguzi kazi ya kuligusa kwa kidole kutafuta lipi gumu na lipi laini. Hereni haina shida hiyo lakini ina yake. Hukatika kwenye vichaka, na kisu cha mwizi huiondoa kwa pumzi moja pamoja na kipande cha sikio. Botswana, iliyotaka kuendelea kuuza nyama Ulaya, mwanzoni mwa miaka ya 2000 iliwamezesha ng'ombe wake kidonge cha kauri chenye namba ya kielektroniki kilichokaa tumboni, mahali kisu hakifiki bila kuua. Baadaye hata wao walihamia hereni. Hakuna alama isiyoshindwa, na anayesubiri ipatikane atasubiri sana.

Jirani aliyejaribu kwa ukubwa ni Tanzania, yenye ng'ombe zaidi ya milioni 30, na jaribio lake linafundisha kuliko hotuba. Sheria ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo ilipitishwa mwaka 2010, ikalala kidogo, kisha serikali ya awamu ya tano ikaiamsha kwa kishindo. Waziri Mkuu wa wakati ule, Kassim Majaliwa, aliagiza ng'ombe wote wapigwe chapa kabla ya mwaka 2017 kwisha, na muda ukasogezwa hadi Januari 2018. Mamilioni walichomwa. Tatizo lilikuwa kwamba chapa ile ilitaja wilaya na kijiji. Ilifaa sana kumwonyesha ofisa kundi lililovamia hifadhi limetoka wapi, au kama limevuka mpaka wa nchi, na ilikuwa ya serikali katika maana hiyo. Mfugaji aliyeibiwa na jirani wa kijiji kile kile haikumsaidia lolote: ng'ombe wake na wa mwizi walikuwa na kovu moja. Zikaja hereni za kielektroniki, moja kwa shilingi 1,750 kwa ng'ombe, zenye namba ya mnyama mmoja mmoja, jambo lililokuwa sahihi zaidi. Safari hii mlalamikaji alikuwa mfuko. Wafugaji waliuliza kwa nini walipie kitu ambacho mnadani hakuna mwenye kifaa cha kukisoma, wabunge wakalibeba suala hilo, na mwaka 2022 zoezi likasitishwa. Lilirudi Juni 2025, lilipozinduliwa Bariadi mkoani Simiyu likiwa limefungamanishwa na chanjo ya ruzuku. Hapo naona kuna akili. Mfugaji anayeletewa hereni peke yake anaona kodi. Anayeletewa hereni na chanjo anaona daktari.

Burundi imechagua njia tofauti kabisa. Sheria ya tarehe 4 Oktoba 2018 iliamuru mifugo yote ikae bandani na kupiga marufuku uzururaji wa wanyama, ikatoa miaka mitatu ya kujiandaa, na tangu Oktoba 2021 ng'ombe anayetembea barabarani amekuwa kosa. Sababu zake zinaeleweka: mashamba yanaliwa, udongo wa milimani unaporomoka, na samadi ya bandani ni mali kwa mkulima asiyemudu mbolea ya dukani. Kutokana na hapo hujengwa pingamizi la kwanza, nalo lina uzito. Kama malisho ya wazi yamefutwa, chapa ya nini? Ng'ombe yupo nyuma ya nyumba, anakula matete aliyokatiwa, mlango una komeo, mwenyewe anamsikia akicheua. Alama ni ya wanaochanganya makundi, na sisi hatuchanganyi tena.

Pingamizi hilo lingesimama kama ng'ombe angezaliwa, kuishi na kufa katika banda moja. Sivyo anavyoishi. Banda linahitaji majani, na mtu wa mjini hana pa kuyakata, kwa hiyo kuragiza hakukuisha. Kumehamia kwenye mabanda ya watu wengine, ambako mnyama haonekani hata na wapita njia. Kundi lililokuwa Rukoko lilikuwa na macho ya wachungaji kumi juu yake. Ng'ombe wa bandani ana jozi moja ya macho, nayo hulala. Tena mifugo mingi iliyorudishwa nchini baada ya vita ilikuja kwa miradi, mingi ikiungwa mkono na Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo, FIDA, kwa utaratibu wa mnyororo wa mshikamano: aliyepewa ng'ombe humpa mwenzake mtamba wa kwanza, na mwenzake naye hivyo hivyo. Rwanda ina ndugu yake, Girinka, iliyoanza mwaka 2006. Ni utaratibu mzuri, na ukiutazama vizuri ni ubugabire uliovuliwa utumwa wake. Lakini maana yake kisheria ni kwamba kwa mwaka au miwili ng'ombe aliye bandani mwako ana mkono wa mtu mwingine juu yake. Je, mtamba uliyemkabidhi jirani ndiye aliyezaliwa na ng'ombe wa mradi, au ni yule dhaifu uliyemnunua sokoni? Swali hilo halijibiwi na komeo.

Na mwizi mwenyewe amejirekebisha kufuata banda. Zamani mwizi wa Imbo alihitaji ng'ombe hai: alimswaga usiku kuvuka mto, akamchanganya na kundi jingine, akangoja. Kwa mwizi wa namna hiyo chapa ni adui mkubwa. Wa leo, anayefungua banda saa nane za usiku, hana haja ya kumtembeza mnyama. Humtoa hatua mia chache, humchinja kwenye mihogo au bondeni, huchukua mapaja, mabega na mbavu, na alfajiri mwenyewe hukuta kichwa, utumbo na ngozi. Kovu la chuma lipo hapo hapo kwenye ngozi, safi kabisa, linasomeka. Hereni iko sikioni. Ngozi imebaki na nyama imesafiri. Anayesema kwamba tukio kama hili linaonyesha chapa haina maana anakaribia ukweli lakini ameushika mkia. Linachoonyesha ni kwamba kuisoma alama malishoni pekee hakutoshi tena. Inabidi isomwe pale ambapo nyama inageuka kuwa fedha. Mwizi haibi nyama ya kula. Anaiba ya kuuza, na Kinama ni mahali inapouzwa: mabucha, vibanda vya brosheti (mishikaki) vinavyoanza kutoa moshi jua likizama, wakaanga na wachemsha supu ambao kila mmoja anahitaji kilo kadhaa kila siku ya Mungu.

Kwa hiyo chapa ya pili, ile ya wino, ndiyo ninayoitilia mkazo. Leo inajibu swali moja, kama mnyama ana ugonjwa. Hakuna gharama kubwa ya kuifanya ijibu la pili. Uingereza ilifika hapo kwa mlango wa msiba: mwaka 1996, baada ya ugonjwa wa ng'ombe wazimu kuhusishwa na vifo vya binadamu, kila ndama alianza kupewa pasipoti inayomfuata kutoka shamba hadi shamba na kurudishwa serikalini siku anapochinjwa. Sisemi tuige pasipoti. Karatasi ya kila ng'ombe katika msimu wa mvua za Imbo ni chakula cha mchwa. Ninachosema ni kwamba wazo la ndani yake ni jepesi. Kifo cha ng'ombe kiandikwe mahali pale pale palipoandikwa uhai wake. Machinjioni, kichwa kisitenganishwe na mzoga kabla ya mkaguzi kuandika: rangi, jinsia, alama ya sikio au ya ngozi, aliyemleta, na zoni aliyotoka. Muhuri wa wino ukigongwa, namba ya mstari ule wa daftari igongwe pamoja nao. Mwenye bucha akiulizwa Jumanne nyama hii ni ya nani, aonyeshe namba. Waswahili walishasema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na walikuwa wakizungumza juu ya duka, lakini ng'ombe wa fundi wa Kinama ndilo duka lake.

Pingamizi la pili ni la hofu, na ndilo ninaloliheshimu zaidi. Watu hawapendi ng'ombe wao wahesabiwe, na historia iko upande wao. Utawala wa Kibelgiji wa Ruanda-Urundi ulitoza kodi juu ya ng'ombe. Kenya, mwaka 1938, serikali ya kikoloni iliamua kwamba Wakamba wana ng'ombe kupita kiasi na ikaanza kuwachukua kwa nguvu na kuwauza kwa bei ya kutupa, wakati kiwanda cha nyama cha Liebig kikifunguliwa Athi River na kikihitaji ng'ombe wa bei nafuu. Wakamba kwa maelfu, wanawake na watoto wakiwemo, walitembea kwa miguu hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu na kukaa huko kwa wiki kadhaa hadi serikali ikalegea, ingawa Mbingu mwenyewe alipelekwa uhamishoni Lamu. Aliyerithi kumbukumbu ya aina hiyo akimwona ofisa na kitabu huficha ndama, na mimi simlaumu. Lakini hofu hii haitibiwi kwa kukataa daftari, inatibiwa kwa kuchagua nani analishika. Daftari la alama likae kwa ushirika wa wafugaji au kwa bashingantahe wa mtaa, litumike pale mwenyewe anapodai au anapouza, na sheria itamke kwamba mtoza ushuru hana ruhusa ya kulifungua. Sungusungu wa Usukuma, walioanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa sababu hii hii ya wizi wa ng'ombe, walionyesha kwamba watu hutoa taarifa haraka sana wanapojua zinaishia kwa wenzao: mwano, yaani ukelele wa hatari, ulipopigwa, kijiji kizima kilitoka. Walionyesha pia hatari ya upande wa pili, maana ushahidi wao mara nyingine ulikuwa dhana tu, na mtu aliadhibiwa kwa kuonekana njiani usiku. Alama iliyoandikwa inamlinda mwenye ng'ombe, na inamlinda vilevile mpita njia asiye na hatia.

Mapingamizi ya maumivu na ya ngozi ni mafupi. Chuma cha moto kinauma, na kinaharibu sehemu ya ngozi ambayo mtengeneza viatu angeilipia. Penye ng'ombe wawili nyuma ya nyumba sioni sababu ya kumchoma mnyama yeyote ubavuni: hereni, au mchoro wa wino ndani ya sikio, inatosha, kwa kuwa huhitaji kuisoma ukiwa mita hamsini. Penye kundi bado panahitaji chuma, na kichomwe chini mguuni au shavuni, mahali ambapo kiwanda cha ngozi hakipotezi kitu.

Kuna sababu nyingine ya kutochelewa, iliyo nje ya banda la mtu mmoja. Ng'ambo ya Rusizi, katika tambarare ile ile inayoendelea upande wa Kongo, kijiji cha Mutarule karibu na Uvira kilishambuliwa usiku wa Juni 2014 na watu zaidi ya 30 wakauawa. Taarifa za wakati ule zilihusisha mauaji hayo na ugomvi wa wizi wa ng'ombe uliopanda juu ya chuki za kikabila zilizokuwapo. Ng'ombe aliyepotea bila ushahidi hutafutiwa mwizi kwa kabila lake. Mwaka huo nchi za kanda zilikuwa na miaka sita tangu zikubaliane, mwaka 2008, itifaki ya kuzuia wizi wa mifugo chini ya ushirikiano wa wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki, na utambuzi wa mifugo ni sehemu ya itifaki hiyo. Karatasi ilikuwapo, msomaji hakuwapo mtoni. Halafu mwaka 2022 homa ya Bonde la Ufa iliingia Burundi, masoko ya ng'ombe yakafungwa na uchinjaji ukasimamishwa. Ugonjwa huo huambukiza binadamu, na mahali ambapo haijulikani mnyama mgonjwa alitoka banda gani, njia pekee iliyobaki ni kufunga kila kitu kwa kila mtu, aliye na mnyama mgonjwa na asiye naye. Wachoma brosheti wa Kinama walilipa gharama ya daftari ambalo halikuwapo.

Itasemwa kwamba machinjio yenye daftari hayazuii nyama isiyopita machinjioni. Ni kweli, na sitaki kuificha hoja hiyo nyuma ya sentensi nzuri. Nyama ya usiku huja ndani ya gunia la mchele, juu ya kiti cha nyuma cha pikipiki au kikapu cha baiskeli, kabla ya adhana ya alfajiri, kutoka upande wa tambarare. Haina muhuri, haina namba, imekatwa vibaya kwa sababu ilikatwa gizani, na mara nyingi ina mchanga na manyoya. Hapo mkaguzi mmoja wa zoni hawezi kusimama kila kona. Anayeweza ni mnunuzi, yule mwenye jiko la brosheti anayepima kwa mkono, anayeona kingo za nyama zilivyochanika badala ya kukatwa, na anayejua bei ya paja sokoni wiki ile. Akiambiwa bei ya gunia lile iko chini ya hapo kwa theluthi nzima, haulizi sababu.